Neno "Jikoni" Limefika London, Mlenda Bado Haujafika Maktabani

Kila mwaka unapokaribia kuisha, magazeti makubwa ya Marekani na Uingereza hutoa orodha ya vitabu bora vya mapishi vya mwaka huo. Wenzetu hawafanyi mzaha na jambo hili. Kuna hadi tuzo, kama zile za James Beard Foundation kule Marekani, na mwandishi akiipata, jina lake limepanda. Orodha ikishatoka, si wote wanaokimbilia duka la vitabu. Wengi wanakwenda maktaba ya umma, wanaandikisha majina na kusubiri zamu yao ya kuazima.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania habari hii inashangaza kidogo. Maktaba kwetu ni mahali pa kusomea mtihani. Ukiingia maktaba ya mkoa wakati wa mitihani utakuta vijana wamejaa, kila mmoja na madaftari yake kutoka nyumbani. Kinachotafutwa ni meza, kiti na utulivu. Nani aende maktaba kuazima kitabu cha kupikia? Hivi kipo?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Nataka kueleza kwa nini vitabu hivi vinapendwa maktabani, vyetu viko wapi, na kwa nini sisi tunaotoka Singida tuna sababu ya kujali kuliko tunavyodhani.

Kwa nini vinaazimwa sana

Sababu ya kwanza ni bei. Kitabu cha mapishi ni kikubwa, karatasi yake ni nzito na picha zake ni za rangi, kwa hiyo ni ghali. Mtu anataka kukijaribu kwanza. Anakiazima, anapika vyakula viwili vitatu, akiona kinamfaa ndipo anatoa hela yake.

Sababu ya pili ni kwamba kinasomwa na kila mtu. Kitabu cha fizikia kina wasomaji wake, cha sheria vilevile, lakini hakuna asiyekula. Mstaafu, mama wa watoto wanne na kijana aliyehamia geto lake la kwanza wote wanakutana kwenye rafu moja.

Ya tatu, na kwa mtu anayesomea ualimu hii ndiyo tamu, ni kwamba chakula kinafundisha. Maktaba ya umma ya mji wa Philadelphia, Marekani, ilifungua mwaka 2014 jiko kamili ndani ya jengo lake kuu. Ni jiko la kweli, la kupikia na la kufundishia. Watu wanajifunza kusoma kwa kusoma maelekezo ya mapishi, wanajifunza sehemu na uwiano kwa kupima unga, na wahamiaji wanajifunza Kiingereza huku wakikata vitunguu. Mtu mzima anayeona aibu kukaa darasani na kitabu cha kiada haoni aibu kusimama mbele ya sufuria. Walimu wa elimu ya watu wazima wanalijua hili tangu zamani, na baadaye nitaonyesha kwamba hata nchi yetu ililijua.

Rafu namba 641.5

Maktaba zetu nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaogawa elimu yote kwa namba kuanzia 000 hadi 999. Kilimo kiko 630. Chakula na vinywaji viko 641, na upishi wenyewe uko 641.5. Ukitaka kujua maktaba inayachukuliaje mapishi, usimsumbue mtu. Nenda moja kwa moja kwenye namba hiyo uangalie.

Likizo iliyopita nilifanya hivyo katika maktaba mbili za umma, kila moja kwenye mkoa wake. Ya kwanza ilikuwa na vitabu saba kwenye rafu hiyo, ya pili vinne. Vingi ni vya Kiingereza, vya zamani, vya misaada: keki, pudini, namna ya kuandaa nyama ya bata mzinga kwa sikukuu. Vya Kiswahili nilikuta vijitabu viwili vya lishe ya watoto. Chakula cha Kanda ya Kati, hata kimoja, sikukiona.

Silisemi hili kumlaumu mkutubi. Mkutubi hawezi kuweka rafuni kitabu ambacho hakijaandikwa. Huduma ya maktaba za umma nchini ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967. Nyumba ya kuwekea vitabu tunayo kwa zaidi ya miaka hamsini. Tatizo liko kwa waandishi, na waandishi ni pamoja na mimi na wewe.

Maneno yetu kwenye majalada yao

Sasa tazama kinachoendelea nje. Mwaka 2020 kilitoka Marekani kitabu kiitwacho In Bibi's Kitchen, yaani "Jikoni kwa Bibi". Mwandishi wake ni Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia aliyekulia Marekani, akishirikiana na Julia Turshen. Alizungumza na mabibi kutoka nchi nane za Afrika zinazopakana na Bahari ya Hindi au zilizo karibu nayo, Tanzania ikiwemo, akaandika mapishi yao pamoja na maisha yao.

Mwaka huohuo, London, Ravinder Bhogal, aliyezaliwa Kenya, alitoa kitabu kinachoitwa Jikoni, jina lilelile la mgahawa wake. Mwaka 2024 akafuata Kiano Moju wa Marekani, ambaye mama yake ni Mkenya wa Kimaasai na baba yake Mnigeria. Kitabu chake kinaitwa AfriCali, na jalada linasema ni mapishi kutoka "my jikoni", jikoni kwangu.

Vitabu vitatu, maneno mawili ya Kiswahili: bibi na jikoni. Mimi nafurahi kabisa. Waandishi hawa wamefanya kazi nzuri, na kila mmoja ameandika chakula cha kwao kwa lugha ya wasomaji wake, ambayo ni Kiingereza. Hakuna aliyeiba kitu. Lakini jiulize: bibi mwenyewe, yule wa Kiomboi au wa Ikungi, angeweza kukisoma kitabu chenye jina lake? Neno limesafiri mpaka jaladani, mwenye neno amebaki na mwiko wake mkononi.

Hata vitabu vya hapa kwetu vinafuata njia hiyo. Eva Pendaeli-Sarakikya aliandika Tanzania Cook Book, kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Ni kazi ya heshima, mwanamke Mtanzania akiandika chakula cha nchi yake mapema kiasi hicho, lakini kiko kwa Kiingereza. Zanzibar kuna A Taste of Zanzibar cha Zarina Jafferji, ambacho kina maneno "Chakula Kizuri" kwenye jina lake na Kiingereza ndani. Ukirudi nyuma zaidi, kwa majirani zetu Kenya, kanisa moja la Nairobi lilitoa mwaka 1928 kitabu cha upishi na matunzo ya nyumba kwa ajili ya walowezi. Aliyepika alikuwa Mwafrika, aliyeandikiwa kitabu alikuwa mwenye nyumba.

Tuliwahi kuandika kwa ajili yetu

Msije mkadhani kwamba Kiswahili hakijawahi kubeba elimu ya chakula. Mwaka 1975 nchi hii iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Ilifuata mtindo wa kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973: vijitabu vya Kiswahili vilichapishwa, vikundi vya kujisomea vikaundwa vijijini, na vipindi vya redio vikaenda sambamba na vijitabu hivyo. Kikundi kilikaa chini ya mti, redio ikasikilizwa, kitabu kikasomwa kwa sauti na anayejua kusoma, kisha wakajadili: hapa kwetu tunalima nini, watoto wanakula nini, nini kinakosekana.

Ukiifikiria vizuri, hii na lile jiko la Philadelphia ni wazo moja. Tofauti ni kwamba sisi tulilifanya karibu miaka arobaini mapema, tena bila jiko la kifahari. Kilichofuata ni kwamba kampeni ziliisha, vijitabu vikachakaa, na havikuzaa vitabu vipya. Tulibaki na vipeperushi vya lishe vinavyosema "kula mlo kamili" bila kusema unapikwaje kwa kile kilichopo nyumbani.

Kwa nini mlenda haumo

Tuje Singida. Mkoa wetu una sifa zake. Kuku wa Singida anajulikana mpaka Dar es Salaam. Alizeti yetu inakamuliwa mafuta yanayopikiwa nchi nzima. Asali ya Itigi na Manyoni wanaifuata watu kutoka mbali. Vitunguu vyetu vinajaza malori. Shambani kuna uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame wetu. Na mezani kuna mlenda, ambao Mnyaturu na Mnyiramba hawahitaji kuelezwa.

Malighafi tumeandika sana. Kuna vitabu vya kilimo cha alizeti, ufugaji wa kuku na ufugaji wa nyuki. Lakini safari ya kutoka ghalani mpaka sahanini hatujaiandika. Naona sababu nne.

Moja, elimu hii inapita kwa kusimama pembeni. Mtoto anatumwa kuni, anatumwa maji, anaangalia, miaka kumi baadaye anajua. Mfumo huu ulifanya kazi vizuri mtoto alipokuwa nyumbani. Siku hizi yuko bweni tangu kidato cha kwanza, halafu chuo, halafu anatafuta kazi mjini. Hayupo pembeni ya mtu.

Mbili, biashara ya vitabu nchini inaegemea vitabu vya shule. Mchapishaji anajua shule itanunua. Kitabu cha mapishi chenye picha za rangi ni gharama kubwa na mnunuzi hajulikani.

Tatu, anayeandika analenga mgeni na hoteli. Hapo pilau, samaki wa nazi na mahamri vitaingia. Ugali wa uwele hautaingia.

Nne, na hii tuseme ukweli, tunaona aibu. Mlenda tumeufanya utani. Ukisema chuoni kwamba unatoka Singida, kuna mtu atakuuliza kuhusu mlenda huku akicheka, na wewe unacheka naye. Lakini wengi wetu tunarudi chuoni na kifuko cha mlenda mkavu ndani ya begi, tunausonga na ugali kwenye koili usiku baada ya bumu kukata, na hatusemi. Chakula kinachotuokoa mwisho wa muhula ndicho tunachokikana mchana.

"Lakini si kuna YouTube?" Ndiyo, ipo, na wapo Watanzania wanaofundisha mapishi huko kwa Kiswahili kizuri. Ila video inataka bando, inaweza kufutwa kesho, na mara nyingi vipimo vyake ni "weka kiasi". Kitabu kikishaingia maktaba kinamsubiri hata yule asiye na simu janja.

Mapishi ni andalio la somo

Sasa kuandika mapishi ni kazi gani hasa? Wenzangu wa Elimu watanielewa haraka: ni andalio la somo. Kuna lengo, ambalo ni chakula chenyewe na idadi ya walaji. Kuna zana, yaani viungo na vyombo. Kuna hatua kwa mpangilio, na muda wa kila hatua. Mwisho kuna tathmini: mpikaji atajuaje kwamba kimeiva?

Kigumu ni vipimo. Bibi hapimi kwa gramu. Anasema "kiganja", "kidogo tu", "mpaka uone". Usimkatize. Mwache achote kiganja chake, kisha wewe mimina kile alichochota kwenye kijiko au mzani uandike. Fanya hivyo mara tatu kwa siku tofauti, utaona kiganja chake hakibadiliki sana. Hicho ni kipimo cha kisayansi, ila kilikuwa hakijaandikwa.

Nitoe mfano wa mlenda mkavu kwa watu wawili, kama unavyopikwa nyumbani kwetu. Chemsha vikombe viwili vya maji na nyanya mbili zilizokatwa, mpaka nyanya zilainike. Tia chumvi, na magadi ya kujaa ncha ya kijiko cha chai. Nyunyizia vijiko vitatu vya chakula vya unga wa mlenda kidogokidogo huku ukikoroga, usiache ukashika mabonge. Punguza moto, acha uchemke dakika tano mpaka saba. Weka vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, koroga, acha dakika tatu nyingine. Umeiva ukiinua mwiko na mlenda ukafuata kama uzi bila kukatika upesi. Kula na ugali wa uwele au mtama. Nyumba ya jirani watakwambia si hivyo, na hilo ni jema: mwandike na yeye.

Kitabu kizuri hakiishii hapo, kinaeleza na sababu. Magadi yanalainisha majani na kuongeza mvutano, lakini yakizidi yanaharibu baadhi ya vitamini, ndiyo maana ni ncha ya kijiko. Mboga ikianikwa kivulini inabaki na vitamini nyingi kuliko ikiachwa kwenye jua kali. Nyanya haipo kwa ladha peke yake, kwani vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na nafaka. Uwele una chuma kingi kuliko sembe iliyokobolewa. Namba za virutubisho zipo tayari katika Majedwali ya Virutubisho vya Vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe walishiriki. Majedwali hayo yako kwa Kiingereza. Kuyaingiza jikoni kwa Kiswahili ni kazi ambayo mwanafunzi anaiweza.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye takwimu za taifa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Kitabu peke yake hakimalizi udumavu. Kuna ukame, kuna umaskini, kuna maji. Lakini mama kijana mwenye uwele, karanga na mlenda ndani ya nyumba anahitaji maelekezo yanayoanzia hapo alipo, si kwenye maziwa ya kopo.

Tena mtaala mpya wa sekondari umeleta mkondo wa amali, ambamo upishi ni fani ya kusomewa. Baadhi yetu tutapangiwa shule zenye fani hizo. Tukifika, tutafundisha kwa kitabu gani?

Tufanye nini likizo hii

Napendekeza kazi ndogo yenye mipaka. Kila mmoja wetu kutoka Singida aandike mapishi matano, kutoka kwa mtu mmoja wa kwao anayejua: bibi, mama, shangazi, hata babu anayerina asali. Andika kwa Kiswahili, na jina la chakula liwe kwa Kinyaturu, Kinyiramba au lugha ya hapo nyumbani. Pika mwenyewe kwa kufuata ulichoandika, kikikataa, sahihisha. Mwombe mwenye ujuzi ruhusa ya kumtaja, na akikubali mtaje, kwa sababu yeye ndiye mwandishi na wewe ni karani wake.

Wanafunzi kumi wakileta matano matano tuna mapishi hamsini. Hicho ni kitabu. Si lazima kiwe na picha za rangi. Michoro ya wenzetu wa Sanaa inatosha. Namba ya utambulisho wa kitabu, ile ISBN, inatolewa hapa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kitabu kikichapishwa nakala zake zinatakiwa kupelekwa kwao kwa kuhifadhiwa. Nakala nyingine tuzipeleke maktaba za umma na shule za mkoani kwetu, ziwekwe 641.5, pembeni ya kile kitabu cha bata mzinga.

Walio mikoa mingine msituachie. Mtwara, Kagera na Pemba nao wana vyakula ambavyo havijaandikwa. Mhariri amekubali kupokea mapishi ofisi ya serikali ya wanafunzi kuanzia wiki ya kwanza ya muhula ujao. Leteni yakiwa yamejaribiwa na yana vipimo. Aliyeandika "weka kiasi" atarudishiwa karatasi yake.